Upembo wangu wa vipande vitatu

Mimi hununua maembe yakiwa bado mtini. Tunapatana na mwenye mti, namlipa, kisha kuangua ni juu yangu, iwe Mikindani, Naliendele au kokote huku Mtwara ninakosikia mdodo umezaa vizuri. Maembe yetu hukomaa korosho nazo zikiwa zinaokotwa, kwa hiyo vijana wa kupanda miti huwapati, wote wako kwenye mikorosho. Ukibahatika kumpata mmoja, akiona majimoto, wale chungu wekundu wakali wa mitini, wanapandisha shinani anakutajia bei ya kukufukuza. Mwenye korosho anangoja zianguke aokote. Embe dodo likianguka kutoka juu limepondeka, kesho yake lina doa jeusi, na sokoni watakupa nusu ya bei au wasikupe kitu.

Kwa hiyo upembo, yaani mti wa kuangulia wenye kingoe, ile ndoano ya nchani, na uwe mrefu. Lakini mwanzi mmoja mrefu haupandi bajaji, na mimi kutwa niko njiani. Nilitaka wa vipande, uungwe chini ya mti na ufunguliwe kazi ikiisha. Nilipolisema hilo hadharani, washauri wakajaa.

Fundi seremala mmoja alitaka ncha mbili zikatwe mshazari, zilazwe pamoja, zitiwe gundi na misumari. Nikamwambia, "Fundi, mwanzi ni mtupu ndani, msumari utashika nini?" Akanijibu, "Mama, kazi hii nimekulia." Msumari wa kwanza tu, mwanzi ukapasuka mpaka kwenye fundo la pili. Hela ya ufundi alichukua. Na hata usingepasuka, kitu kilichogongwa misumari kinafunguliwaje?

Wa pili ni mzee jirani yangu, yeye ni mtu wa kamba. "Mwanangu, laza mianzi miwili ipitane mkono mzima, funga manila, kaza." Huu wa kamba nausimulia kwa urefu kwa sababu wengi bado wanauamini. Asubuhi ulisimama vizuri, nikafurahi. Kumbe kamba inazuia mwanzi usidondoke, haiuzuii usizunguke. Naingiza kingoe kwenye kikonyo, navuta, mwanzi wa juu unageuka na kingoe kinatazama pembeni. Nazungusha mkono kukirudisha, unazunguka wa chini peke yake. Maembe yako pale yameiva, nayaona, siyapati. Halafu mianzi yenyewe ilikuwa mibichi, na mwanzi mbichi husinyaa ukikauka, kwa hiyo fundo lililokazwa leo, wiki ijayo limepwaya. Siku lilipoachia, kipande cha juu kilishuka na tawi lenye kiota cha majimoto, wakaniingia shingoni. Aliyeumwa na wale wadudu anajua kwa nini wameitwa hivyo.

Wa tatu alisema bomba la chuma. Sikumsikiliza. Zito, na nitaeleza jambo la nyaya za umeme.

Jibu nililipata kwenye vipande vya bomba la plastiki, yale magumu ya maji, vilivyobaki kwa fundi bomba. Aliniuzia kwa hela ya soda. Mianzi nilinunua iliyokomaa na kukauka, elfu mbili tatu kila mmoja, nikakata vipande vitatu vinavyolala kwenye bajaji bila kumchoma mtu. Mnene chini, wa wastani katikati, mwembamba juu, maana uzito ukiwa juu mkono hauwezi.

Bomba halilingani na mwanzi, hapo ndipo wengi wanakata tamaa. Chemsha maji kwenye sufuria, chovya ncha ya bomba, ngoja kidogo. Plastiki hiyo hulainika kabla maji hayajafika hata nyuzi 100. Usiichome kwenye moto wa mkaa, itaungua na moshi wake ni mbaya kifuani. Mwanzi uwe tayari umezungushiwa karatasi ya gazeti mara moja na kupakwa sabuni. Ikishalainika, shika kwa tambara, sukuma mwanzi ndani, mwagia maji baridi. Bomba linaganda na umbo la mwanzi uleule, kila nundu na kila kipindo. Toa karatasi, umebaki na nafasi ndogo ya kuingia na kutoka. Hakuna seremala angeweza kuchonga vile.

Kila mwanzi uingie kama sentimita 30. Ukiingiza kidogo, kiungo kinachezacheza na mwisho bomba linapasuka mdomoni. Kata mwanzi karibu na fundo ili ncha isibonyee. Kwenye kila kiungo bomba likae daima kwenye kipande cha juu, mdomo ukitazama chini, mvua isiingie. Kisha pini: msumari wa inchi nne unaopita bomba na mwanzi, wenye kamba yake usipotee majanini. Pini hiyo ndiyo inayozuia kuzunguka. Tundu usiligonge, litoboe kwa msumari uliopashwa moto mpaka ukaiva, na juu na chini yake zungushia waya mwembamba.

Sasa ujanja ninaojivunia kuliko yote. Siungi upembo ukiwa umelala chini. Upembo mrefu ukiunyanyua kutoka ardhini unapinda katikati, na viungo huvunjika pale, si wakati wa kuangua. Mimi natundika kipande cha juu kwa kingoe chake kwenye tawi la chini, nakichomekea cha pili kwa chini, pini, napandisha, natundika tena, nachomeka cha tatu. Muda wote umesimama wima na mzigo uko kwenye tawi. Mwanamke mmoja peke yake anatosha.

Kabla ya hayo yote angalia juu. Miembe mingi ya mjini imeota karibu na nyaya za TANESCO, na zile za njia kubwa zina volti 11,000 au 33,000. Mwanzi uliolowa unapitisha umeme, bomba la chuma ndiyo usiseme. Mti ulioingiliana na waya siununui, hata nikipewa bure.

Chini ya kingoe nimefunga kifuko cha wavu, embe linaingia na kikonyo chake, utomvu haulimwagikii. Msimu ukiisha natenganisha vipande, navipaka oili chafu kwa sababu ya fukusi, navilaza darini. Mzee wa kamba ameshakuja kuuazima. Nimempa, pamoja na pini zote, nikamwambia azirudishe zikiwa kamili.