Kumbukumbu ya Mradi: Pesa za Chama, Tiketi za Inverness na Kilomita 830

Jumapili, 3 Novemba 2024

Chama chetu kina watu watatu tu, kwa hivyo mikutano haihitaji ukumbi. Leo tumekaa kwa Achieng, mtaa wa South B, Nairobi, tukala chapati na maharagwe, kisha mweka hazina, ambaye ni Achieng mwenyewe, akatusomea hesabu: tangu 2021 tumeweka shilingi 742,000. Mutua alitaka tununue ploti Kamulu kama watu wengine wenye akili zao. Tukapiga kura, ikawa wawili kwa mmoja. Ploti itangoja. Mwaka ujao tunaenda kuendesha gari Uskoti, kaskazini mwa Uingereza.

Kwa nini Uskoti? Kwanza, wao hushika upande wa kushoto kama sisi, na usukani uko kulia. Pili, leseni ya Kenya inakubalika kule kwa mgeni hadi miezi 12, bila mtihani mwingine. Tatu, kuna ile barabara ya mzunguko inayoitwa North Coast 500, iliyopewa jina hilo mwaka 2015. Inaanzia kwenye ngome ya Inverness, inazunguka pwani yote ya kaskazini, inarudi palepale. Maili 516, yaani kama kilomita 830.

Mutua akapiga hesabu papo hapo. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na sisi huimaliza kwa siku moja pamoja na kusimama Mtito Andei kula. Kwa hivyo 830 ni siku mbili. Ya tatu tutaosha gari. Nimeyaandika hapa ili yasipotee.

Jumapili, 24 Novemba

Wiki tatu sasa natafuta tiketi, na nimekuwa mtu wa kuamka usiku kuangalia bei kama anayenyonyesha.

Kutoka Jomo Kenyatta hadi London ni kilomita elfu sita na mia nane hivi, kama saa tisa angani ukienda moja kwa moja. Ukikubali kushuka njiani, kuna Addis Ababa, Cairo, Kigali, Doha, Dubai na Istanbul, na ndiko bei hushuka. Jana usiku nikaona moja ya shilingi 78,900 kwenda na kurudi. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nikaisoma vizuri. Unakaa saa 17 kwenye uwanja wa kati. Begi la kuingia nalo ndani tu. La kupakia unalipia. Na unashushwa London, ilhali gari letu linaanzia Inverness, karibu kilomita 900 kaskazini. Nikaandika kwenye karatasi, kwa kila mtu: nauli 78,900, begi 9,000, basi na treni kwenda na kurudi 21,000, kulala London usiku mmoja 12,000. Jumla 120,900. Ile bei rahisi imeisha hapo.

Achieng akashauri tununue ya London, kisha tuongeze tiketi ndogo ya ndege ya kwenda Inverness, kando. Hapo nilikataa, maana jambo hilo lilishaniunguza. Mwaka 2019 nilienda kumwona dada yangu Muscat kwa tiketi mbili nilizonunua mbalimbali. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu, ya pili ikaondoka bila mimi. Yule kijana wa kaunta aliniangalia kwa huruma ya kweli, akaniambia hiyo tiketi nyingine haiwahusu. Nililala kwenye viti vya chuma na nikalipa nauli upya. Tiketi ikiwa moja, ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika la ndege ndilo linalotakiwa kukufikisha. Zikiwa mbili, mzigo ni wako.

Kuhusu imani za Mutua kwamba tiketi hununuliwa Jumanne usiku wa manane: nimeangalia safari ileile kila usiku kwa siku 21. Siku ya kununua haikuleta tofauti niliyoweza kuiona. Tarehe ya kusafiri ndiyo ilikuwa ikitikisa bei. Agosti ni ghali, Desemba usiseme, na katikati ya Mei bei inalala. Mutua bado anaamini Jumanne.

Jumapili, 15 Desemba

Leo tumetandaza ramani mezani na siku mbili za Mutua zimekufa.

Upande wa magharibi, sehemu kubwa ya hiyo barabara ni ya gari moja. Si gari moja kila upande. Ni gari moja, basi. Kila baada ya umbali kidogo kuna sehemu ya kupishania, na sheria yake ni hii: ikiwa iko kushoto kwako, unaingia, ikiwa iko kulia, unasimama mkabala nayo ili mwenzako aingie. Huegeshi pale kupiga picha. Na kuna kondoo ambao hawana habari na sheria yoyote.

Halafu kuna Bealach na Bà, njia ya kwenda Applecross, ambayo jina lake kwa Kigaeli maana yake ni njia ya ng'ombe. Inaanza karibu na bahari na kupanda hadi mita 626 kwa kona za kujikunja, na kuna kibao kinachowaonya wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa. Mutua akacheka: "Mita 626? Hapa mezani tuko zaidi ya 1,600!" Ni kweli. Mlima wao wa kutisha ungekuwa bondeni kwetu. Lakini barabara yetu ya kuteremka Mai Mahiu ina upana wa malori mawili, na bado tunajua inavyotoa jasho.

Mpango mpya ni siku saba za gari. Magharibi tumepewa nyingi: Applecross, Torridon, Ullapool, Lochinver, kisha Durness kwenye pango la Smoo. Kutoka Durness tunapita Tongue hadi Thurso. Upande wa mashariki, kutoka John o' Groats kushuka Inverness, barabara ni pana na siku moja inatosha.

Tarehe pia zimekaa. Tunaondoka Ijumaa usiku tarehe 9 Mei, tunarudi Jumatatu tarehe 19. Waingereza wana sikukuu Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei, kwa hivyo tumejipenyeza katikati. Visubi vya kule, ambavyo watu wanavisimulia kama sisi tunavyosimulia siafu, huwa bado havijachachamaa. Na katikati ya Mei jua linazama baada ya saa tatu usiku, jambo ambalo mama yangu amekataa kuliamini.

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimepata kitu, na nimekipata kwa sababu ya ubishi tu.

Nilikuwa nikilinganisha tiketi mbili: Nairobi–London kwenda na kurudi, na ile ya Nairobi hadi Inverness kupitia Heathrow, uwanja wa London. Nilitarajia ya Inverness iwe ghali zaidi kwa nauli nzima ya ndege ya pili. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Nikafungua mchanganuo wa kodi, mstari kwa mstari, na kwenye ya Inverness mstari mmoja haukuwepo.

Uingereza hutoza kodi kwa kila abiria anayeondoka kwao kwa ndege. Ukifika haitozwi, ni unapoondoka. Inapangwa kwa umbali, na Nairobi iko kwenye kundi la kati: kwa mwaka unaoanza Aprili 2025 ni pauni 90 kwa kiti cha kawaida. Lakini viwanja vya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti vimesamehewa, kwa kuwa watu wa kule hawana njia nyingi za kutoka. Inverness ni kimojawapo. Ukianzia hapo safari ya kurudi, ukabadilisha ndege Heathrow kwa tiketi ileile, husamehewa mpaka Nairobi.

Pauni 90 mara shilingi 162 ni 14,580. Mara watatu ni 43,740. Nilimpigia Achieng saa tano usiku. Akaniuliza kama nimelewa, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Rudia polepole, niandike."

Kwa hivyo ndege inayoonekana kutupeleka mbali zaidi ndiyo inayolipia sehemu ya nauli yake yenyewe. Na gari tunalichukua na kulirudisha uwanja uleule, hakuna ada ya kuliacha mji mwingine.

Leo tiketi hiyo ni 104,200 pamoja na begi la kilo 23. Inauma kuitazama bila kuinunua, ila viza hatuna, na hata serikali yao inashauri usinunue safari kabla ya viza. Tunangoja.

Jumatatu, 10 Februari

Viza huombwa miezi mitatu kabla ya safari, si mapema zaidi. Tumelipa pauni 115 kila mtu, kama shilingi 18,600, na pesa hizo hazirudi hata ukinyimwa.

Tatizo letu lilikuwa chama. Pesa zilikuwa kwenye akaunti ya chama, na Mutua alitaka kila mtu ahamishiwe fungu lake Ijumaa ili taarifa ya benki inone. Achieng alimkatalia katakata. Mtu mwenye mshahara wa kawaida akionekana na robo milioni iliyoingia kwa kishindo wiki ya maombi, afisa atajiuliza ameazimwa na nani. Tukaacha akaunti zetu kama zilivyo, na kila mmoja akaambatisha taarifa ya chama ya miezi sita, katiba yetu ya kurasa mbili, na kumbukumbu za mkutano wa Novemba. Ndiyo, zile zenye kura ya ploti. Kuna mtu mahali fulani amesoma kwamba Mutua alishindwa kura mbili kwa moja.

Jumapili, 9 Machi

Viza zimetoka zote tatu. Tiketi tumenunua jana: 112,600 kila mtu. Tumekosa 8,400 za Januari, na sina majuto. Kunyimwa viza ukiwa na tiketi isiyorudishwa kungegharimu zaidi.

Tulilipa kwa kadi ya Achieng, kwa dola, baada ya kulinganisha. Tovuti ilitaka kutugeuzia kuwa shilingi kwa kiwango chake, na kiwango hicho kilikuwa kibaya kuliko cha benki.

Jumapili, 23 Machi

Gari. Hapa ndipo heshima ya Mutua imeanguka.

Kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, ili washikilie amana. Kadi ya kawaida ya benki wengi hawaitaki. Katika sisi watatu, mwenye kadi ya mkopo ni Achieng peke yake. Kwa hivyo Achieng ndiye dereva mkuu, na Mutua, ambaye tangu Novemba ametuhutubia juu ya kona za Bealach, amesajiliwa kuwa dereva wa ziada, wa kulipiwa kwa siku. Mimi sijasajiliwa kabisa. Nitashika ramani.

La pili: gari la otomatiki lilikuwa ghali kwa karibu theluthi moja kuliko la gia za mkono. Sisi sote tulifunzwa kwa gia za mkono na hatujaigusa klachi tangu siku ya mtihani, maana Nairobi ni Vitz na Fielder za otomatiki tupu. Achieng akasema theluthi hiyo ni chakula cha siku mbili, na klachi hujifunzwa bure.

Kwa hivyo leo saa moja asubuhi tulikuwa Industrial Area na pikapu ya binamu yake Mutua. Jumapili hakuna mtu kule isipokuwa walinzi na wavuta mikokoteni. Achieng alizima gari mara nne kabla ya kutoka mahali. Mara ya tano mzee mmoja mwenye mkokoteni wa mitungi ya maji alitupita, akageuka, akasema, "Mama, mwachie polepole, usimpige teke." Sijui alimaanisha gari au klachi, lakini ilisaidia.

Saa nne tulikuwa tumepanda Tigoni, kwenye zile njia nyembamba katikati ya majani chai. Tulizichagua makusudi. Kwenye kona moja tukakutana uso kwa uso na trekta la kubeba chai, tela nyuma. Hakuna pa kupishana. Mutua, kiti cha nyuma, akaanza kutoa maagizo. Achieng akamwambia, "Wewe ni dereva wa ziada," akatia gia ya nyuma, akarudi mita kama 50 akiangalia kioo kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye lango la shamba, akalala pembeni kushoto. Trekta likapita likitugusia majani dirishani. Dereva wake akainua vidole viwili kwenye usukani.

Achieng akainua vyake. Kisha gari likazima.

Zilizobaki: kulipia chumba cha Durness, bima ya kupunguza ile amana, na soksi nzito za Gikomba. Mama yangu bado anauliza tutaendesha gari la nani.