Chungu cha msaragambo

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani Upare, wilaya ya Same, baada ya miaka kumi na minne ya kushona nguo Dar es Salaam. Mama alikuwa hawezi tena kupanda na kushuka milima, na kati yetu watoto watano mimi ndiye niliyekuwa na kazi inayohamishika. Cherehani unaibeba unakwenda nayo popote. Kilichonishtua wiki ile ya kwanza kilikuwa jikoni. Kabichi imenunuliwa Same mjini, nyanya zimepandishwa mlimani kwa bodaboda, unga wa dukani, maharage ya kupimiwa. Nilipokuwa mtoto, nyumba hiyohiyo ilinunua chumvi, sukari na mafuta ya taa, basi.

Nilimuuliza mama mkubwa imekuwaje. Hakunijibu, akachukua fimbo yake akaniambia, "Twende." Akanipeleka ndivani.

Kwa asiyetoka kwetu: ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya usiku. Mfereji unayatoa maji kwenye kijito juu mlimani na kuyashusha ndivani. Jioni tundu la kutokea linazibwa, usiku kucha maji yanajikusanya, asubuhi linazibuliwa. Kijito chembamba ukikiacha kitiririke moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo, maji yananywewa na ardhi kabla hayajafika shambani. Ukiyakusanya kwanza, yanashuka kwa pamoja na kwa nguvu, yanafika. Wapare walikuwa na ndiva tangu kabla ya Wajerumani kuingia nchini, na bila hizo sijui watu wangeishi vipi upande wetu huu, maana huku mvua za vuli zinaweza kukuaga mwezi wa Novemba kabla mahindi hayajafika magotini.

Ndiva yetu niliikuta imejaa matope, nyasi zimeota, mbuzi wanalala katikati. Mfereji umebomoka sehemu tatu. Juu kwenye chemchemi, palipokuwa na mikuyu, watu walikuwa wamepanda makaratusi ya kuuza nguzo.

Zamani ndiva ilisafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ilipigwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake. Nilidhani msaragambo ulikufa kwa sababu vijana walikwenda mjini, kama mimi. Mama mkubwa alikataa. "Mwanangu, ulikufa siku chungu kilipoacha kuja." Akanieleza kwamba zamani kina mama walikuwa wakipika makande palepale pembeni ya kazi, na mtu alikuwa halimi tu, alikuwa anakula na wenzake. Baadaye ikawa mtu anaitwa kwa barua na asiyefika anatozwa faini. Watu wakalipa faini, au wakagoma. Maneno hayo niliyasikia, lakini sikuyaelewa mapema, na kutoyaelewa kulitugharimu mwaka mzima.

Mwaka 2020 tulijikusanya watu tisa tukalima nyanya za biashara. Tulikodi pampu, tukachukua mbolea na dawa kwa mkopo, tukakubaliana na mnunuzi kwa mdomo. Kantangaze akaingia. Huyu ni mdudu aliyefika Tanzania mwaka 2014, nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa unayonyunyizia juu mara nyingi haimfikii. Tulinyunyizia mara mbili kwa wiki. Kilichobaki tulikichuma, na mnunuzi alipofika akataja bei ya tenga ambayo hata dawa isingerudi. Tukauza hivyohivyo. Nilikaa nikahesabu: miezi minne ya kazi, watu tisa, na hakuna nyumba hata moja iliyokuwa imekula mboga kutoka shamba lile, kwa sababu kila mmoja wetu alijua dawa tuliyomwaga na aliogopa kuwapa watoto. Hilo liliniuma kuliko deni.

Halafu ukaja ukame. Vuli ya 2021 ilitunyima kabisa. Kule tambarare wafugaji walipoteza ng'ombe wengi. Kwetu maharage yalinyauka yakiwa na maua. Lakini nyuma ya nyumba ya mama mkubwa kulikuwa na fiwi, jamii ya maharage, zimetambaa kwenye ua, kijani kibichi, Januari ile ya jua kali. Fiwi mizizi yake huenda chini sana, hustahimili pale maharage yanapokata tamaa. Alikuwa na mbegu zake kwenye kibuyu, zimechanganywa na majivu, kimewekwa darini juu ya moshi wa jiko. Alitugawia nyumba saba, kila nyumba konzi mbili, kwa sharti moja: ukivuna, unarudisha konzi nne, na hizo nne zinakwenda kwa nyumba nyingine mbili.

Kwenye ule ugawaji wa fiwi ndipo nilipoelewa maneno yake kuhusu chungu. Tulikuwa wanawake saba uani kwake, na hakuna aliyetaka kuondoka. Tukakubaliana tuanze na chungu, ndiva ifuate.

Jumamosi ya kwanza ya Juni 2022 tulipeleka sufuria kubwa ndivani. Kila nyumba kati ya zile saba ilileta kibaba cha mahindi, kibaba cha maharage au fiwi, na kuni. Hatukuandika barua wala kutaja faini. Tulipita tukisema tu kwamba Jumamosi kuna makande ndivani, na mwenye jembe aje nalo. Walikuja watu kumi na mmoja. Jumamosi ya tano tulikuwa thelathini na wanne.

Niseme kidogo kuhusu makande yenyewe, maana wengi huyapika kwa haraka halafu wanalalamika kwamba ni chakula cha shuleni. Mahindi makavu unayanyunyizia maji kidogo na kuyatwanga kinuni mpaka ganda litoke, unapepeta, unayaloweka usiku. Maharage nayo unayaloweka, chombo chake. Fiwi kavu zina taratibu zake: zilowekwe, zichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe na hata ya pili, kwa kuwa zina uchungu na sumu inayotoka kwa maji na moto. Hili usilifanyie uvivu. Sisi tuliinjika saa kumi na mbili asubuhi majembe yalipokuwa yanaanza, na sufuria haikuguswa mpaka nafaka zimepasuka. Kitunguu, nyanya kidogo, na mwishoni maziwa. Wa pwani watatia nazi, ni sawa. Kufika saa saba mchana, harufu yake inafika mpaka juu kwenye mfereji, na wale waliokuwa wanazibua huko hawahitaji kuitwa.

Ndiva ilichukua Jumamosi tisa. Matope hatukuyatupa. Ni udongo wa juu wa mashamba yetu wenyewe ulioshuka na mvua kwa miaka mingi, mweusi, umejaa majani yaliyooza. Tuliubeba kwa karai mpaka kwenye matuta ya mboga, na mchicha wa kwanza uliota humo ulikuwa na majani mapana kama kiganja cha mwanamume.

Kupanda tulikubaliana kwamba kila mmoja analima kwake, ila maji yanapofunguliwa yanaanza na kinachokwenda chunguni. Mboga kwanza: mchicha, mnafu, matembele, majani ya maboga, nyanya chungu. Kisha maharage na fiwi, kisha mahindi. Za kuuza zinapata kilichobaki. Kanuni hii ilileta ugomvi mkubwa kuliko yote, na nilielewa kwa nini, kwani kuna watu ada ya shule inatoka kwenye vitunguu vyao. Tuliirekebisha: eneo la mboga la kila nyumba lisizidi hatua kumi kwa kumi, ili maji yasiishie huko. Baada ya hapo mbolea ikawa mboji na samadi. Mboji tunapanga kwa tabaka, majani mabichi, makavu, samadi, majivu, na tunachomeka mti katikati. Ukiuchomoa ukiwa wa moto ujue kazi inaendelea ndani, ukiwa wa baridi na mkavu mwagia maji na pindua. Nyanya bado tunapanda, michache michache katikati ya vitunguu na mboga nyingine, na jani lenye michirizi ya kantangaze linachumwa na kuchomwa siku hiyohiyo. Hatuvuni matenga. Tunavuna za kula na kumpa jirani.

Maji yamegawiwa kwa zamu, makundi matatu, na mzee mmoja ana daftari. Anayefungua nje ya zamu anatoa debe la maharage kwa ajili ya chungu.

Mtu wa kwanza kutoa debe hilo nilikuwa mimi. Septemba 2023 miche yangu ya mnafu ilikuwa inakauka na zamu yetu ilikuwa bado siku mbili. Nikatoka saa nne usiku, nikazibua kwa muda ambao niliuona mfupi. Asubuhi kundi lenye zamu walikuta ndiva nusu, na nyayo za kandambili zinaelekea kwetu. Mzee wa daftari alikuja mlangoni, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mama, kisha akasema, "Mama, maji ya jana usiku yameandikwa jina lako. Nimeandika mwenyewe ili asije akaandika mwingine." Sikulala. Jumamosi nilibeba debe kichwani, nikalitua mbele ya watu wote, nikaomba radhi kwa kundi lile, na hasa kwa mjane mmoja ambaye maharage yake yalikosa maji siku ile. Aliniambia, "Yamekwisha, kaa ule." Nililia pale. Tangu hapo, mwenye shamba kubwa upande wa chini, ambaye alikuwa haamini kwamba kanuni itamgusa mtu wa ndani ya kikundi, alianza kufuata zamu.

Mwezi uliofuata mvua za El Niño zikaanza. Ukingo wa ndiva ulikatika upande wa mashariki. Mashamba yaliyokuwa yamechimbwa fanya juu, yale makingamaji ambayo udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, yalibaki na udongo wake, na mabingobingo tuliyopanda juu ya kingo yalishika. Mengine yalichanika hadi kwenye changarawe. Ukingo tuliujenga upya kwa mawe siku nne. Hakuna aliyepiga pembe. Walikuja.

Makaratusi juu ya chemchemi ni kazi ambayo haijaisha. Wenye miti ni watano. Wawili wamekubali kukata, tukawapa miche ya parachichi na tukapanda mikuyu karibu na jicho la maji. Watatu bado, na siwezi kuwalaumu, nguzo ni fedha taslimu. Tunaendelea kuwapelekea sahani yao kila Jumamosi, wafanye kazi wasifanye.

Kugawana nako kumekuwa na taratibu zake bila mtu kupanga. Chini ya mkuyu wa ndivani kuna jamvi, na kila anayekuja Jumamosi anatua kilichozidi kwake: fungu la matembele, boga, ndizi, mayai matatu. Wanaochukua kwanza ni wazee wasioweza kulima, mgonjwa, na mama aliyejifungua, na wanapelekewa na watoto. Hakuna daftari la jamvi. Mara moja kijana mmoja msomi alipendekeza tuandike nani ametoa nini, na mama mkubwa akamwambia kwa upole kwamba maji huandikwa, chakula hakiandikwi.

Fiwi zile konzi mbili za mwanzo zimeshafika vitongoji viwili vya ng'ambo ya bonde, kwa sharti lilelile la kurudisha nne. Mama hakuwahi kushuka ndivani, miguu ilimkatalia, lakini kila Jumamosi sahani yake ilipandishwa, na alikuwa anataka kujua nani kapika kabla hajaonja. Alifariki mwaka jana mwezi wa Mei. Msibani chungu cha ndivani ndicho kilichopandishwa nyumbani kwetu, siku tatu, na sikununua hata kibaba.

Jumamosi hii zamu ya kupika ni yangu. Mahindi nimeyatwanga jana, fiwi ziko majini tangu jioni, maji ya kwanza nitayamwaga alfajiri.