Jedwali la ngeli na vichwa vyake: nilivyopata njia

Tuna wiki ndogo ya sarufi, yaani tovuti tunayoiandika pamoja na walimu, na mimi ndiye ninayeitunza programu yake. Mwanzoni programu ilijua namna moja tu ya kichwa cha jedwali: mstari wa kwanza, basi. Kwa orodha ya majina inatosha. Jedwali la ngeli lina vichwa pande mbili: juu umoja na wingi, kushoto A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI na wenzake.

Tulikoleza wino upande wa kushoto tukaona tumemaliza. Ndipo mwalimu mmoja asiyeona, anayetumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, akanipigia simu.

"Mwanangu, hapa nasikia 'ua limechanua'. Nashuka, nasikia 'kisu kimepotea'. Sasa niko ngeli gani?"

Swali hilo lilinichoma. Wino mzito hausikiki. Katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, seli (chumba kimoja cha jedwali) ya kichwa huandikwa kwa tagi ya th, na sifa ya scope ndiyo inayosema kichwa hicho kinatawala safu wima au mstari. Sisi hatukuweka chochote.

Nikaongeza chaguo: kichwa juu, kushoto, au kote kuwili. Haukupita muda, mwalimu mwingine akaleta jedwali lenye mistari miwili ya vichwa, "umoja" ikiwa imefunika "kiambishi" na "mfano". Wa tatu akataka kichwa katikati, "ngeli za mahali", kabla ya PA, KU na MU. Kila ombi likazaa kisanduku kipya cha kutia tiki. Vilipofika saba, walimu wakaacha kuvigusa.

Jibu nililikuta kwa waliotangulia. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, haiulizi kichwa cha jedwali kiko wapi: seli ikitanguliwa na alama ya mshangao (!) ni kichwa, ikitanguliwa na mstari wima (|) ni ya kawaida. DokuWiki, programu nyingine ya wiki, nayo hufanya hivyohivyo kwa alama ya kofia (^). Ukichwa ni mali ya seli yenyewe.

Basi nikafuta visanduku vitano. Viwili vilivyobaki, "mstari wa kwanza" na "safu wima ya kwanza", kazi yao ni kutia alama kwenye seli kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo mwandishi hubadili seli yoyote apendayo. (Niliandika "safu wima" kwa makusudi na kuweka kijichoro pembeni, kwa sababu "safu" peke yake wengine waliielewa kwa kulala, wengine kwa kusimama.) Scope huwekwa na programu. Seli tupu ya kona ya juu kushoto hubaki ya kawaida, maana kichwa kisicho na neno humchanganya msikilizaji. Kichwa cha katikati hufungua tbody mpya, yaani kundi jipya la mistari, na kupewa scope ya rowgroup, ili kitawale kundi hilo zima, na jedwali la namna hiyo nimeliondolea kitufe cha kupanga, kwani likipangwa upya kichwa hicho hupoteza watu wake.

Majedwali ya zamani sikuyagusa, ila lile la ngeli. Nilipolimaliza nilimpigia mwalimu wangu. Akasogeza simu kwenye spika, nikasikia: "LI-YA, umoja, ua limechanua." Akashuka mstari mmoja.

"KI-VI, kisu kimepotea."