Siku Mjomba alipopima mawe kwa siki

Mjomba alifika kwetu Dar es Salaam akitokea Kigoma, na kwenye begi lake, chini ya migebuka mikavu, kulikuwa na mfuko wa magamba matupu ya konokono wa ziwani. Alikuwa amesikia tunaandaa tangi la wale samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika ambao hulala na kutagia ndani ya magamba kama hayo. Dume lao hata sentimita 5 halifiki.

Binti yangu alikuwa na mapambo yake tayari: kasri jekundu la plastiki, makombe ya baharini na mawe mawili ya kijivu. Mjomba hakumkatalia. Aliomba ndoo, siki na soksi ya nailoni.

Soksi aliipitisha kwenye madirisha ya kasri, ikanasa na kuchanika. "Pezi la samaki lingepona hapa, mjukuu wangu?" Kisha akalizamisha kasri kwenye maji ya uvuguvugu. Kulipokucha maji yalikuwa ya waridi, na mtoto mwenyewe akalitoa. Mpaka leo sinunui pambo la rangi kabla sijaliloweka kwanza.

Kombe moja lilikuwa na mabaki ya nyama ndani. Nyama ikioza majini huzaa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Likawekwa kando.

Yakabaki mawe. Tone la siki kwenye la kwanza, kimya. Kwenye la pili vikaibuka vipovu.

"Babu, linachemka! Tulitupe?"

"Tungekuwa na samaki wa Amazon ningesema tulitupe."

Akamweleza kuwa povu lile linatokana na chokaa, na kwamba jiwe la aina hiyo huyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, taratibu. Samaki waliozoea maji laini huteseka. Wetu asili yao ni ziwa ambalo maji yake ni magumu, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ikikaribia 9, kwa hiyo jiwe hilo ndilo lililowafaa hasa. Nilifurahi kuona namna binti yangu alivyolishika upya, kwa mikono miwili.

Tuliyasugua mawe kwa brashi na maji matupu, bila sabuni. Mjomba akayakalisha juu ya kioo chenyewe, mchanga ukafuata. Samaki hawa ni wachimbaji. Jiwe lililokaa juu ya mchanga hufukuliwa chini yake hadi likaporomoka na kuwabana, au kupasua kioo.

Walipoingia tu wakaanza kazi. Kufikia jioni magamba aliyoyapanga binti yangu kwa mstari yalikuwa yamefukiwa, imebaki midomo tu.

"Babu, wameharibu!"

"Waache. Sasa wamehamia."