Simile! Nilivyoacha pikipiki ya kelele nikapanda ya stima

Kabla hamjanirukia, mimi ndiye niliyekuwa nikisema boda bila mlio ni jeneza lenye magurudumu, tena nilisema kwa sauti kuliko mtu yeyote pale steji ya Marikiti. Miaka tisa nimeendesha Boxer, na mitano kati ya hiyo ekzosti yake ilikuwa imetobolewa na fundi wa juakali pale Majengo kwa mia tano na soda. Nikiwa daraja la Nyali wewe ungenisikia ukiwa Buxton unakula bhajia. Ushauri niliopewa na wakubwa wa steji ulikuwa mmoja, "Yakhe, gari lisipokuona litakusikia," nami nikaumeza mzima mzima kama panadol.

Sasa hii Mji wa Kale mnaijua. Vichochoro vya Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu, kuta mbili zimekaribiana hata ukinyoosha mikono unagusa huku na huku, mlio ukiingia pale hautoki, unazunguka tu. Kuna bi mkubwa mmoja Kibokoni hukaa barazani kwake jioni, siku moja alinimwagia maji aliyooshea mchele. Nikasimama nimerowa, nikamwambia shikamoo bibi, akajibu, "Marahaba mwanangu, hiyo ni ya alfajiri ya leo, ya jana bado nakudai." Nikacheka nikaondoka, na mlio nikauongeza. Ndivyo nilivyokuwa.

Kilichonifungua macho ni gari, Probox. Ilikuwa 2022 karibu na soko la Kongowea, saa nne asubuhi, jua kali, mimi najiendea zangu na ngurumo yangu, Probox ikakata kulia mbele yangu bila indiketa. Nikapaa. Nilipoamka niko chini mguu umepinda, pikipiki imelala kwa ubavu na bado inanguruma pale pale, dereva anashuka anaapa, "Wallahi kaka sikukuona!" Nikamuuliza, hukunisikia? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kesho ni nani. Alikuwa amepandisha vioo, AC inavuma na taarabu imefunguliwa. Aliyenisikia vizuri siku ile ni mama muuza viazi karai ambaye nilishampita zamani, alikuja mbio akaniambia, "Nilijua tu wewe utaanguka, nimekusikia tangu mzunguko."

Nikakaa na plasta wiki sita na hapo ndipo akili ilinijia, maana bomba la ekzosti linaangalia wapi? Nyuma! Kelele yote unawapa watu ambao umeshawapita, yule anayekuja kukukatia mbele hapati kitu. Kwa vile sikuwa na kazi nyingine nikasoma kwenye simu habari za utafiti wa Marekani wa 1981, wa Profesa Harry Hurt, walizichunguza ajali 900 hivi za pikipiki pale pale zilipotokea, na malalamiko ya madereva wa gari ni yale yale ya Probox yangu, sikuiona, au niliiona nimechelewa. Kilichopunguza ajali ni taa ya mbele kuwaka mchana na koti la rangi kali, manjano, chungwa, nyekundu. Miaka yote hiyo reflekta yangu nilikuwa nikiikunja naikalia ili isichafuke.

Na masikio pia. Usiku nikilala nilikuwa nasikia nzi, nikafikiri ni feni, nikazima feni, nzi yupo. Daktari akaniambia desibeli 85 kwa saa nane ndio mwisho wa sikio la mtu anayefanya kazi kwenye kelele, na kila zikipanda 3 tu ule muda unakatwa nusu. Sikumwambia habari ya ile ekzosti. Yule nzi hadi leo yupo, nimemzoea.

Lakini nisijifanye mtakatifu, kilichonihamisha hasa ni mfuko. 2023 petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita, nikawa kama naifanyia kazi pampu ya petroli. Septemba ya mwaka ule ule Rais Ruto akaja kuzindua pikipiki za stima hapa hapa Mombasa, steji nzima ikacheka, "hiyo ni blenda," "hiyo utaichaji na nini, mwezi?" Mimi nikacheka nao halafu jioni nikaenda kuuliza bei kisirisiri kama mtu anayekwenda kuposa. Dipoziti elfu ishirini na ushee, halafu unalipa mia tatu na kitu kila siku mpaka uchoke. Makaratasi hayo mnayajua wenyewe.

Siku ya kuichukua kijana wa pale akasema, mzee, kaa dakika ishirini tukufundishe. Mimi? Miaka tisa barabarani nifundishwe na mtoto ambaye ndevu zake ni ahadi tu? Nikamwambia nipe ufunguo. Nikaiendesha vizuri mpaka nyumbani Kisauni, raha tupu, hakuna klachi, hakuna gia, unakunja tu mkono inakwenda kama maji. Nikasimama dukani kununua maziwa, ufunguo nikauacha kwenye ON. Nikarudi na pakiti mkono wa kushoto, pikipiki kimya kabisa, mimi kichwani kwangu imezimwa, kwa sababu maisha yangu yote pikipiki iliyo kimya ni pikipiki iliyozimwa. Nikaishika kwa mkono wa kulia niisukume kidogo itoke kivulini, na unajua mtu akisukuma pikipiki mkono hukamata wapi. Kwenye moto, pale pa kukunja ili iende. Lo! Ikaniruka kama mbuzi aliyeona kisu, nami nikaning'inia nyuma siiachi kwa sababu ina deni, tukavuka njia sote wawili tukaingia kwenye mkokoteni wa madafu. Madafu yakatawanyika mpaka kwenye mtaro. Mwenyewe akasimama na panga mkononi haamini, akauliza, "We bwana, hii kitu imewaka saa ngapi?" Nikalipia madafu kumi na saba, na maziwa yalipasuka. Kwa hiyo mnisikie, ufunguo utoke kabla hujashuka, na wale vijana wakitaka kuwafundisha, kaeni mfundishwe. Muiogope zaidi mvua ikinyesha, kwa sababu nguvu yote inakuja mara moja na tairi la nyuma linateleza hata hujajua.

Betri sina malalamiko makubwa. Ukibadilisha iliyoisha kwa iliyojaa pale steshini yao ni dakika mbili tatu, unalipa mia mbili na kitu, na mimi kwa siku natumia mbili, siku ya kazi sana tatu. Zamani petroli ilikuwa ikinilia karibu mia nane, wengine mtapiga hesabu. Oil sinunui, plagi sinunui. Ila bahari yetu hii ina chumvi, pini za betri zinaota ukungu wa kijani, nazifuta kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini na hakuna aliyeniambia hilo, nimelijua baada ya pikipiki kuzimika njiani nikiwa na abiria na maneno yake. Na usiingoje ishuke mpaka asilimia kumi. Ile Jumapili ya Desemba 2023 nchi nzima ilipokuwa giza mimi nilikuwa na asilimia kumi na mbili niko Bamburi, steshini ya betri nayo giza. Nilisukuma mpaka miguu ikaomba talaka.

Sasa tuje kwenye balaa lenyewe. Barabara kubwa sikupata shida yoyote, taa naiwasha mchana kutwa, reflekta naivaa, helmeti ya kufunga kidevuni sio lile bakuli la plastiki, na abiria ninayo yake na kofia ndogo za karatasi za ndani maana wengi wanakataa kwa sababu ya jasho la mwenzake. Nawaambia tu WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema helmeti nzuri inapunguza kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70, wakibisha nawaambia bei ya X-ray, hapo wanavaa. Shida ilikuwa Mji wa Kale. Wiki ya kwanza, saa kumi jioni madrasa zinatoka, natokea kwenye kona karibu na Ndia Kuu polepole kabisa, mtoto wa miaka saba hivi na juzuu kwapani na pakiti ya mabuyu mkononi akatoka mlangoni kinyumenyume anaongea na mwenzake. Hakusikia kitu. Nilifunga breki zote, gurudumu likasimama kwenye kanzu yake, kabisa, likaacha alama nyeusi. Hakuumia. Mabuyu yalimwagika, akaanza kulia mabuyu yake, nami natetemeka kuliko yeye.

Usiku ule nikasema basi ile steji ilikuwa na ukweli kidogo. Gari lililofunga vioo halisikii, lakini mtu wa miguu huvuka kwa masikio. Nikaanza kutafuta mlio. Kwanza chupa ya plastiki kwenye spoki kama tulivyofanya utotoni na baiskeli, ikadumu nusu siku ikayeyuka. Pili nikarekodi ngurumo ya Boxer ya rafiki yangu kwenye simu, nikafunga spika ndogo mbele nikaicheza. Ilikwenda vizuri mpaka simu ikapigwa, ringitoni yangu ni qasida, basi nikapita steji nzima naswalia mtume kwa sauti ya juu na watu wanaitikia.

Ya tatu ndiyo niliyojiona profesa. Mnajua wauza kahawa wetu, anatembea na dele lake na vikombe viwili mkononi anavigonganisha, kle kle kle, huhitaji kumuona. Nikajiambia huu mlio kila mtu wa Mji wa Kale ameuzoea, hauudhi mtu, na unasikika kona mbili mbele. Nikanunua vikombe viwili vya kahawa, nikavitoboa taratibu, nikavining'iniza kwa kamba chini ya usukani ili kila jiwe la njia livigonganishe. Ikafanya kazi! Ikafanya kazi kupita kiasi. Naingia Kibokoni, kle kle kle, milango inafunguka. Mzee mmoja akasimama katikati ya njia na shilingi kumi, "Lete kimoja, na kashata." Nikamwambia mzee mimi ni boda. Akaangalia vikombe, akaniangalia mimi, akasema, "Na kahawa iko wapi?" Mbele kidogo wawili wanacheza bao wakanipungia mkono, abiria nyuma yangu naye anacheka mpaka anataka kuanguka. Siku ya tatu muuza kahawa mwenyewe akanisimamisha, mtu mzima, mpole, akaniambia, "Mwanangu, nikipita baada yako watu hawatoki tena, wanadhani ni wewe." Nikavifungua pale pale nikampa.

Shemeji yangu aliye Ujerumani nilipomsimulia akasema huko kwao ni sheria, tangu Julai 2021 kila gari jipya la stima lazima litoe sauti likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, juu ya hapo tairi zinasikika zenyewe. Pikipiki hazimo kwenye sheria hiyo. Nikamuuliza sauti gani, akanitumia, kama jini anayepuliza supu. Nikasema hiyo Kibokoni watatoka na ubani.

Aliyenitatulia ni yule bi mkubwa wa maji ya mchele. Akaniona nasukuma pikipiki kwa miguu pale kwake kwa woga, akasema, "Wewe una mdomo au huna? Hamali walikuwa wakipita hapa na magunia mgongoni hawaoni mbele, na hawakumgonga mtu. Wakisema simile!" Neno nalijua, yaani nipisheni njia, nani asiyelijua, lakini nilidhani ni la wazee. Basi tangu siku ile naingia kichochoroni kwa mwendo wa mtu anayetembea, vidole viko kwenye breki, na kila kona, "Simile! Simileee!" Honi naiacha kwa ajili ya barabara, honi kichochoroni inamfanya mtu aruke na hujui ataruka upande gani, lakini simile kila mtu anajua ni kuegemea ukuta. Kengele ya baiskeli nayo nimeiweka kwa siku ambazo sauti imekauka.

Steji wananiita Simile. Watatu kati ya waliosema blenda wameshachukua za kwao, hawajaniomba radhi, na mmoja alikataa kufundishwa kama mimi, yeye aliingia kwenye duka la vyombo. Watoto wa madrasa wakiniona mbali wanaanza wao kupiga kelele simile na kujibandika ukutani wote kwa mstari kama mijusi. Bi mkubwa ananipigia mimi akitaka kwenda hospitali, na lazima nimvalishe helmeti juu ya buibui huku ananitukana.

Waliobaki ni paka tu. Enzi za Boxer walikuwa wakikimbia nikiwa bado Marikiti, sasa analala katikati ya Ndia Kuu, unamwambia simile anafumbua jicho moja analifunga. Hao nashuka nawahamisha kwa mkono.