Nilivyompata Bibi Mjerumani wa ukoo wa mume wangu, wataalamu wakiwa wameshapiga picha kwenye mji usio wake

Kwanza niwajibu walionishauri nianzie Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York: jina la bibi huyu, aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, halikubadilishwa huko. Hadithi hiyo nimeisikia kila Krismasi na kila msiba tangu nilipoolewa huku Wisconsin, Marekani, eti karani mvivu alishindwa kuliandika jina la ukoo akalikata herufi mbili. Ellis Island ilifunguliwa mwaka 1892. Bibi alikuja mwaka 1882, enzi ambazo waliofikia New York walipokelewa Castle Garden, na yeye hata New York hakuiona, alishukia Baltimore. Isitoshe, makarani wa bandarini hawakuwa wanabuni majina. Walisoma orodha iliyokuja na meli. Jina walilikata watoto wake wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale jina la Kijerumani lilipoanza kuwaletea maneno mtaani. Lakini nani amwambie binamu wa mume wangu?

Huyo binamu ndiye anayetambulika kama mtaalamu wa ukoo. Ana mafaili, ana programu anayoilipia kila mwezi, ameshapima vinasaba na kutangaziwa kuwa ana asili ya Ulaya, kitu ambacho ningemwambia bure kwa kumtazama tu. Mimi ni mkwe kutoka Moshi. Nikiuliza swali, najibiwa taratibu kwa sauti ile ya kumweleza mtoto.

Mali kubwa ya ukoo ni karatasi ya kipaimara ya bibi. Mama mkwe huiweka kwenye droo, ndani ya foronya. Pembeni ina maua yaliyochapwa, katikati pameandikwa kwa mkono, kwa ule mwandiko wa kale wa Kijerumani uitwao Kurrent. Msidhani Mjerumani yeyote atawasomea. Ulifutwa mashuleni mwaka 1941, na kijana wa Kijerumani aliyekuwa anasoma chuo karibu na kwetu aliitazama karatasi ile, akacheka, akaomba chai. Binamu yeye aliisoma. Chini, mahali pa mji, akasoma Camen. Akatafuta, akaupata mji wa Kamen kule Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, ambao kweli zamani uliandikwa kwa C. Basi ukoo ukachanga. Wakapanda ndege watu wazima wanne, wakapiga picha mbele ya kanisa huku wamekumbatiana, mmoja akalia. Hela iliyotumika sikuambiwa, ila mwaka ule hakuna aliyebadilisha gari. Walirudi na vikombe vyenye jina la mji, na ndivyo tunavyonywea kahawa kwa mama mkwe mpaka leo.

Mimi sikuridhika, na sababu yangu ilikuwa ya Kichagga kabisa. Mtu wa Kibosho akihamia Morogoro, baada ya mwaka mmoja utamkuta amejenga jirani na mtu wa Kibosho. Watu hawahami mmoja mmoja. Makaburi ya kanisa lao hapa kijijini yamejaa Wapomerania, yaani watu wa Pommern, pwani ya Baltiki, mbali mno na Westfalen. Hata mlo wa sherehe wa mama mkwe ni kidari cha bata bukini kilichokaushwa kwa moshi, na mifarishi yake imejazwa manyoya ya bata hao hao. Hayo ni mambo ya Pommern. Binamu akasema sensa ya 1880 imewaandika majirani hao wote "Prussia", ile dola kubwa ya Kijerumani, kwa hiyo ni kitu kimoja. Pommern ilikuwa Prussia na Westfalen ilikuwa Prussia. Hoja kama hiyo inasaidia nini?

Nikaanzia makaburini. Hapa jirani mmoja, mama mwema sana, akaniletea povu la kunyolea ndevu. Unapaka kwenye jiwe, unafuta, eti herufi zinabaki nyeupe. Jamani msifanye! Lile povu lina kemikali zinazobaki ndani ya jiwe na kulila polepole, na kuna mawe pale ambayo sasa yanamomonyoka kwa sababu ya wapenda historia. Mimi nilichukua kioo kikubwa cha chumbani, nikamsimamisha mwanangu upande wa jua, nikamwambia aumulike uso wa jiwe kwa ubavu, mwanga upite ukiupalaza tu. Herufi ambazo kwa macho hazikuwepo zikasimama na vivuli vyao. Mtu aliyekuwa anakata nyasi alizima mashine aje kutazama. Mawe mengi yalisema "geb. in", yaani alizaliwa mahali fulani, Pommern. La bibi mwenyewe lilisema "geb." na jina la kwao kabla ya kuolewa. Hilo ndilo lililokuwa halijulikani, na lilikuwa limesimama uwanjani miaka yote huku binamu akilipia programu.

Sasa nije kwenye ile karatasi, maana hapa ndipo ninapotaka sifa zangu.

Kurrent ni mwandiko wa milima na mabonde. m ni vilima vitatu, n viwili, e viwili vilivyobanana, i kimoja chenye nukta, u kama n ila ina kikofia juu. Neno lenye herufi hizo zikifuatana linakuwa kama meno ya msumeno. Binamu alitumia chati ya alfabeti kutoka mtandaoni, akilinganisha herufi moja moja. Shida ni kwamba chati ni mwandiko wa mwalimu, na mchungaji wa kijijini mwaka 1880 aliandika kama daktari.

Nikaikodolea macho mpaka nikachoka. Halafu nikaona, pembeni ya mistari mitatu ya katikati, kitu kinachosomeka bila taabu: Matth. 11, 28. Nikacheka peke yangu jikoni. Kipaimara! Mtoto hupewa mstari wake. Na mstari huo nilikariri nikiwa na soksi nyeupe mbele ya mchungaji ambaye hakuwa na mchezo: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Kwa hiyo sikuhitaji kuusoma ule mwandiko. Nilihitaji kufungua Biblia ya Luther, kunakili mstari ule kwa herufi za kawaida, na kuuweka chini ya mwandiko wa mchungaji, neno kwa neno. Kommet her zu mir alle, die ihr mühselig und beladen seid. Mkono ule ule, wino ule ule, kalamu ile ile iliyoandika jina la mji. Kila herufi ikajitambulisha. Nilipiga picha kwa simu, nikachapa kubwa, nikakata herufi kwa mkasi na kuzibandika kwenye karatasi ya manila, e zote pamoja, n zote pamoja. Watoto walidhani ni kazi ya shule.

Na neno la kwanza kabisa ndilo lililomaliza kesi. Kommet ina m mbili, lakini mchungaji aliandika m moja na kuitilia kistari juu. Ndivyo walivyofanya wengi wakati ule, kistari kinamaanisha "herufi hii ni mbili". Nikashuka chini kwenye jina la mji. C, a, m yenye kistari kile kile, kisha kilima kimoja chenye nukta, kisha viwili. Cammin. Ingekuwa Camen, baada ya m kungekuwa na vilima viwili vya e, bila nukta. Binamu nilipomwonyesha aliniambia kistari ni mkunjo wa karatasi na nukta ni kinyesi cha inzi. Inzi gani huyo anayejua kuweka nukta juu ya i?

Tulieni, haijaisha. Meyers Orts, ile orodha kubwa ya miji na vijiji vya dola ya Ujerumani ya mwaka 1912, ambayo ipo mtandaoni bure, ina Cammin zaidi ya moja, na nyingine ni za Mecklenburg. Ukishika ya kwanza utaishia kununua vikombe vingine. Ndipo nikaenda kwenye kitabu cha ndoa cha kanisa lao, ambacho bado kipo. Wachungaji Walutheri wa huku waliwaandikia wengi kijiji walichotoka, jambo ambalo serikali haikulijali. Kwa upole na keki ya ndizi mhudumu wa ofisi alinipa meza. Bibi harusi: jina lile la kwenye jiwe, "aus Cammin, Pommern", yaani kutoka Cammin ya Pommern. Shahidi wa ndoa alitoka Cammin pia, na ndiye aliyezikwa makaburi mawili kutoka kwao. Mji huo leo ni Kamień Pomorski, Poland. Wajerumani waliondolewa huko baada ya 1945.

Kitabu cha mazishi sikukitafuta, kilikuwa ndani ya jalada moja na cha ndoa. Sensa ya 1900 iliuliza kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na yeye alijibu wanane, watano. Binamu aliinakili namba hiyo kwenye programu akaenda zake. Watatu wale waliokufa niliwakuta kurasa chache mbele, majira ya baridi mamoja, wawili ndani ya wiki moja. Sababu imeandikwa Bräune, jina la zamani la dondakoo. Mdogo hakuwa amefika miaka miwili. Nilipomsomea mama mkwe alinyamaza, akaniuliza majina yao. Hakuna aliyewahi kumtajia.

Mengine nayapitisha haraka. Msitafute cheti cha uraia cha bibi kama alikuwa mke wa mtu. Kwa sheria ya Marekani ya 1855 mke alifuata uraia wa mume, mpaka 1922, kwa hiyo tafuteni cha babu. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Orodha za abiria wa meli za bandari ya Hamburg zipo kuanzia 1850, za Bremen za miaka hiyo waliziharibu wenyewe kwa kukosa nafasi, basi waliopanda Bremen watafuteni upande wa Marekani. Na mkitafuta, acheni jina la ukoo wazi. Waliozinakili hizo orodha nao walisoma Kurrent kama binamu. Mimi niliweka majina ya kwanza ya bibi na kaka zake wawili, umri na mwaka, wakatokea wote watatu wakishuka Baltimore, jina la ukoo likiwa limegeuzwa kitu kisichotamkika. Mwaka huo wa 1882 waliingia Wajerumani takriban 250,000, wengi wa Pommern wakiwa vibarua wa mashamba ya mabwana, wasio na hata kihamba cha kurithi. Huku walikuta ardhi imejaa visiki, lakini ni yao.

Sasa nimeandikia hifadhi ya kanisa kule Greifswald kuuliza kama kitabu cha ubatizo cha Cammin kilinusurika. Barua nilimpa yule kijana wa chuo aisahihishe, alistahili kurudisha ile chai. Binamu ameomba nakala ya majibu. Nimemwambia atapata, akilipia nauli yangu na mama mkwe kwenda Poland, na safari hii mwenye kamera ni mimi.