Wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni

Jumapili usiku. Vimbweta, zile meza za nje za kusomea, vimejaa, na neno linalosikika kila kona ni "kaza". Linasemwa kwa upendo, ila halimwambii mtu akaze nini. Anayeambiwa mara nyingi amekwisha kukaza kila alichonacho: usingizi ameupunguza, chakula cha mchana amekiacha, na desa lile lile, yaani maandishi ya kozi, analisoma mara ya nne.

Nimekuwa nikilifikiria hilo desa la mara ya nne. Kurasa zikishazoeleka machoni, mtu hudhani anajua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapima wanafunzi kwa njia mbili. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na walichosoma kichwani. UE haiji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo: soma mada moja dakika 25, funga desa, chukua karatasi tupu, andika dakika 10 kila unachokikumbuka. Fungua tena, na vilivyokosekana vizungushie wino mwekundu. Kesho anza na hivyo vyekundu. Siku ya kwanza huenda ukakumbuka theluthi tu, na hapo ndipo wengi wanapoacha, wakijiona hawana akili ya kozi ile. Naomba wasiache. Ule ugumu wa kuvuta kitu kichwani ndio unaokipigilia. Tena hofu hupata kipimo: badala ya "kozi nzima sijui", unabaki na mada tatu zenye wino mwekundu, na mada tatu zina siku zake kwenye ratiba.

Ratiba yenyewe ndiyo mahali ambapo nia njema hufia. "Kuanzia kesho nasoma sana" haina saa wala mahali. Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutekelezeka zaidi ikifungwa kwenye tukio: likitokea hili, nafanya lile. Andika hivi: "Nikimaliza kula saa 2 usiku, namwachia simu ninayeishi naye chumbani, naenda kimbweta, naanza na swali la kwanza la mtihani wa mwaka jana." Uamuzi umeshafanywa mchana, kichwa kikiwa kimetulia. Usiku, ukiwa umechoka na una wasiwasi, hutakiwi kuamua tena, maana saa hiyo simu ndiyo hushinda.

Kuna hofu nyingine inayokuja ghafla, pale mlangoni mwa chumba cha mtihani: mapigo ya moyo yanakimbia, viganja vinalowa. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, mara 12. Ni dakika 2 tu. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa za haraka haraka. Kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafanya ganzi, na mtu anaamini anazimia. Kutoa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakoshusha mapigo ya moyo.

Kukesha kunanisikitisha kuliko yote, kwa sababu usingizi ndio unaotunza kilichosomwa. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini; kahawa ya saa 12 jioni, nusu yake bado inafanya kazi saa 5 usiku. Ya mwisho iwe saa 8 mchana.

Na boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Shilingi 600,000 kwa siku 60 ni 10,000 kwa siku. Itenge kwa wiki siku ile ile inapoingia, kwani njaa ya wiki ya mwisho haitulizwi na zoezi la pumzi.

Ambaye kwa wiki mbili halali usingizi, hali chakula, au anawaza kufa, asisubiri UE ipite. Aende leo zahanati ya chuo au kwa mshauri wa wanafunzi, na asiende peke yake. Akiwa na cheti cha daktari anaweza kuomba kuahirisha mtihani na kuufanya baadaye kama speshali. Kwa kawaida ombi hilo hupelekwa kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Ukishaingia na kufeli, kinachobaki ni sapu, mtihani wa marudio.